Mawe ya Mkesha

Kwetu Yombo, Krismasi haikuanza kanisani.
Ilianza jamvini, jioni ya tarehe ishirini na nne,
umeme uwepo usiwepo,
ungo katikati, mchele wa Kyela umemwagwa ukawa kichuguu,
na mama, Subilaga binti Mwakalinga, akikunja kanga magotini:
"Haya. Chambueni."

Sheria ilikuwa moja.
Ukiokota jiwe, usilitupe kimya kimya.
Sema kwanza kinachokukera tangu Januari,
mtaje aliyekuudhi naye yupo hapo hapo, anakutazama,
halafu lirushe dirishani.
Likishatua nje, limetua.
"Hatuli pilau na mawe," alisema,
nasi tulidhani anazungumzia meno.

Kaka yangu Asajile alimshtaki baba kwa viatu vya shule
vilivyoahidiwa Machi, vikanunuliwa Septemba.
Baba, fundi wa mabehewa pale TAZARA,
mtu wa maneno machache kama tiketi,
alikohoa, akaokota lake:
"Ile redio haikuibwa. Niliiuza."
Jiwe likaenda.
Mama akalisikiliza likianguka
muda mrefu kuliko mawe mengine.

Basi.
Sasa naishi Tabata, ghorofa ya pili,
juu ya duka la vipodozi lenye taa za kuwaka na kuzimika.
Joto la Desemba limegandisha pazia ukutani.
Mchele naununua kwenye mfuko unaong'aa,
umechekechwa kwa mashine, mweupe kama karatasi ya mtihani,
hauna jiwe hata la dawa.

Mwaka wa kwanza wanangu walichambua saa nzima.
Ipyana akauliza, "Mama, kwani tunatafuta nini?"
Nikakosa jibu.
Tukala pilau safi,
tukanuniana hadi mwaka mpya.

Mwaka uliofuata nilishuka usiku na tochi ya simu,
nikaokota kokoto kumi na mbili
kwenye mchanga wa jirani anayejenga ukuta,
nikazisuuza mara tatu,
nikazifukia mcheleni
kama mwizi anayerudisha mali.

Na jana Tumpale, miaka minane,
aliinua moja kwa vidole viwili, akaigeuza kwenye mwanga.
"Mama, ulisema utakuja siku ya maigizo.
Mimi ndiye nilikuwa punda.
Nilikutafuta kwenye viti
nikiwa nimevaa masikio."

Nilitaka kusema foleni. Nilitaka kusema bosi.
Sheria hairuhusu.
Akairusha katikati ya nondo za dirisha;
huko chini mtu akafoka, "Nani huyo?"
Tukacheka mpaka Ipyana akapaliwa,
na mimi nikaendelea kuchambua, nimeinama,
nikitafuta jiwe la kumjibia
na vidole havipati.

Leo alfajiri nikampigia mama, simu iko mezani, sauti juu,
mikono yangu imejaa vitunguu na iliki.
Nikaungama yote: mchanga, tochi, kokoto kumi na mbili.
Akanyamaza.
Kisha nikasikia kile kicheko chake cha puani.
"We mtoto. Mchele wa Kyela ulikuwa na mawe gani?
Mjomba wako aliupepeta mwenyewe kabla ya kuupakia.
Yale nilikuwa nayaokota relini,
nikienda kumpelekea baba yako chakula."

Nilizima jiko, sijui kwa nini. Nikaliwasha tena.

Kanisani tumechelewa, wanakwaya wameshapanga mistari.
Ipyana ameshika mkono wangu. Tumpale kabaki nyuma.
Kwa jicho la pembeni namwona uani,
kachuchumaa na gauni lake jipya,
anachagua:
kubwa anatupa, dogo analipuliza vumbi,
anatia mfukoni.

Sikumwuliza.
Kengele ya pili ilikuwa inalia.